Harusi Iliyosubiri Bima

Siku Emil Brabec alipomposa Lavonne Kubicek, mimi nilikuwa nimesimama karibu yao na sahani ya bata mkononi, kwa hiyo habari hii sikuhadithiwa. Ilikuwa Jumapili alasiri ya mwezi wa saba, ndani ya ukumbi wa dansi wa mji wetu mdogo wa wazao wa Wacheki. Bendi ilikuwa imepumzika na wanaume walikuwa wanajipepea kwa kofia. Emil alimshika Lavonne mkono, akajaribu kupiga goti. Goti likagoma katikati ya safari. Akabaki ameinama vile vile, kama mtu aliyeangusha funguo.

"Lavonne," akasema, "tuoane."

Lavonne akacheka, akamwinua kwa kumshika kwapani. "Nimekubali. Mwezi wa pili."

"Februari hii inayokuja?"

"Siyo hii. Ile ya baada yake."

Emil akahesabu kwa vidole mpaka vikamwishia. "Mama wee! Hiyo ni miezi kumi na tisa! Unataka nife kwanza?"

"Usife. Maliza bia yako, bendi inarudi."

Na kweli bendi ilirudi, wakacheza polka mbili mfululizo, Emil uso umemshuka mpaka kifuani lakini miguu haikosei hata hatua.

Lavonne alikuwa jirani yangu, nyumba yake ikitazamana na yangu, na kila Ijumaa tulikuwa tunaoka kolachi pamoja jikoni kwake, vile vimkate vitamu vya Kicheki vyenye shimo katikati la kutilia plamu, aprikoti au jibini. Alikuwa na miaka sitini na mitatu wakati ule. Mume wake, Rudy, alifariki miaka sita nyuma. Kwa muda mrefu alifanya kazi ofisini kwenye ghala la nafaka, kazi iliyokuja na bima ya afya. Ghala liliponunuliwa na watu wa mbali, ofisi ilifungwa, na bima ikaenda na ofisi. Tangu hapo akawa anawatengeneza nywele wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kuuza kolachi kwa oda. Kipato chake kilikuwa kidogo lakini kilimtosha, maana nyumba ni yake na bustani ilimpa viazi na kabichi.

Shida ilikuwa moyo. Moyo wa Lavonne una tabia ya kuanza mbio ghafla bila sababu, halafu unatulia. Ana vidonge vya kuutuliza, na daktari wake mjini hakubali akose kwenda kupimwa. Mtu wa namna hiyo hakai bila bima hata wiki moja.

Emil alikuwa mjane pia, miaka sitini na minane, fundi wa nguzo za umeme aliyestaafu. Mtu mrefu, mwenye masikio makubwa na mikono kama makoleo. Yeye alikuwa ameshaingia kwenye bima ya serikali ya wazee, ile ambayo sisi sote huingia tukifika sitini na tano, basi mambo ya bima kwake yalikuwa kama mvua kwa mtu aliyekaa ndani. Hakuelewa kwa nini mwanamke anayempenda anamwambia asubiri mpaka naye atimize miaka hiyo.

Ndiyo maana Jumatano iliyofuata Lavonne alimshika mkono akampeleka maktaba. Kuna binti pale, Twyla Pospisil, anayesaidia watu kununua bima kwa kompyuta. Nilikwenda nao. Sikuwa na kitabu cha kurudisha.

Twyla akamgeuzia Emil kioo cha kompyuta. "Mzee Brabec, tazama. Huyu ni Mama Kubicek akiwa peke yake. Bima yake kwa umri huu ni zaidi ya dola elfu moja na mia moja kwa mwezi. Lakini kipato chake ni kidogo, kwa hiyo serikali inalipa karibu yote. Yeye anatoa arobaini na kitu."

"Vizuri," akasema Emil.

"Sasa naandika kwamba ameolewa nawe. Pensheni yako inahesabiwa pamoja na kipato chake. Mkijumlishwa mnavuka mstari wa kipato uliowekwa. Na mtu akivuka mstari, hata kwa dola moja, ruzuku yote inaondoka." Akabonyeza.

Emil akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena. "Umebonyeza vibaya."

"Nimebonyeza sawasawa, mzee."

"Yaani nikimpenda bila cheti analipa arobaini, nikimpenda kwa cheti analipa elfu moja na mia moja?"

"Serikali haiulizi kama unampenda. Inauliza kama mmesaini."

"Kwa hiyo mimi ndiye ugonjwa wake!"

"Wewe huna neno, baba," akasema Lavonne, akimpapasa bega. "Ni pensheni yako."

Nje ya maktaba, Emil aliegemea pikapu yake akafikiri. Halafu akasema, "Nitalipa mimi. Basi. Yameisha."

"Hulipi."

"Kwa nini nisilipe? Pesa ninazo."

"Ulining'inia kwenye nguzo zenye barafu miaka yote ile ili uje uikabidhi pensheni yako kwa kampuni ya bima? Kabla sijapata kazi ya ghala, mimi na Rudy tulikuwa wakulima, tukijilipia bima wenyewe mpaka tukauza ng'ombe. Tukawa tunagombana kila tarehe ya kulipa. Sitaki kuingia kwenye ndoa ya pili kwa mlango ule ule."

"Basi tuiache bima kabisa. Si umebaki mwaka na nusu tu ufike sitini na tano?"

Lavonne akaweka kiganja kifuani. "Na huyu je? Naye nimwambie asubiri?"

Emil akafungua mlango wa pikapu, akawasha injini. Lakini hakuwa mtu wa kukata tamaa mapema, na usiku ule akapata wazo.

Wazo lenyewe lilikuwa Padri Holub. Padri wetu alikuwa kijana, bado ana chunusi, na Emil aliamini kijana hawezi kumshinda mzee kwa maneno. Wakaenda nyumbani kwa padri baada ya misa, Emil akaeleza: awafungishe ndoa ya kanisa tu, kimya kimya, bila cheti cha serikali. Mbinguni wawe wameshaoana, duniani wawe wachumba.

"Padri, Mungu anahitaji karatasi ya kaunti?"

"Mungu hahitaji, Mzee Emil. Askofu ndiye anayehitaji."

"Askofu atajuaje?"

"Kwa mji huu? Kabla hamjamaliza kushuka ngazi." Padri akawamiminia kahawa. "Na mimi kazi yangu naipenda. Ila hakuna sheria ya kanisa inayomkataza mtu kula chakula cha jioni kwa mchumba wake."

Ndivyo walivyoishi, basi. Kila jioni Emil alikuja na pikapu yake, akaiegesha mbele ya nyumba mahali panapoonekana na kila mtu, akala, akaosha vyombo, wakatazama mashindano ya maswali kwenye runinga, kisha akaenda zake. Aliwasha injini kwa kelele makusudi ili mtaa wote ujue anaondoka.

Mtaa ulijua, lakini haukuacha kusema. Georgine Zabka wa posta ndiye alikuwa bingwa. Lavonne akiingia kununua stempu, Georgine alikuwa anamwita kwa sauti ya watu wote kusikia, "Bibi harusi wa serikali, hujambo?"

"Sijambo, shoga. Mume wako bado anakoroma?"

"Anakoroma, lakini anakoroma kwangu."

Watu walicheka, Lavonne naye akacheka, lakini Ijumaa ile alilipiga donge la unga kwa nguvu mpaka meza ikahama.

Masika yalipofika, Emil alianza kuchoka. Zilikuwa siku za kampeni, na wanasiasa walikuwa wanapita redioni wakisema bima ya wazee ishushwe mpaka miaka sitini, wengine hamsini na mitano. Emil alisikiliza kila hotuba kama anasikiliza matokeo ya mpira, na kila mara kikao cha Bunge kilipokwisha bila kitu, hasira zake zilimwangukia Lavonne.

"Wewe unaolewa na serikali," akamwambia siku moja, nikiwa pale pale nachambua plamu. "Mimi ni mtu wa akiba."

"Emil, usianze."

"Sianzi. Naondoka."

Akaondoka kweli. Jumapili iliyofuata alikuja ukumbini, hakumwomba Lavonne kucheza. Alicheza na dada wa Georgine aliyekuja kutembea kutoka Lincoln, mwanamke mwenye viatu vyekundu. Lavonne alikaa mezani na kahawa yake, mgongo umenyooka, akacheza na kila mjane aliyekuja kumwomba, na mwanamume mmoja asiye mjane.

"Anacheza vizuri yule mwanamke," nikasema, nikimchokoza.

"Viatu vinambana," akasema Lavonne. "Mtazame anavyotua."

Jumatano Emil alirudi, ameshika ndoo ya rubabu kutoka bustanini kwake, ile mboga ya mashina mekundu tunayopikia mikate mitamu. Akasimama mlangoni. Lavonne akaipokea ndoo. "Chakula kinapoa," akasema, na ikawa basi.

Mwezi wa saba ukaingia, na sikukuu yetu ya Kicheki ilikuwa inakaribia. Hiyo ndiyo wiki ambayo Lavonne huuza zaidi kuliko miezi mingine yote. Alikuwa na oda za kolachi mpaka za watu wa Omaha. Siku tano kabla, akapanda kwenye kigoda kutundika vibendera barazani, kigoda kikateleza. Nilisikia mlio kutoka kwangu. Nilipofika alikuwa amekaa chini, ameushika mkono wa kulia, na kifundo kimepinda upande ambao kifundo hakipindi.

"Mwite Emil," akasema. "Na zima jiko, kuna kitu mle."

Emil alimpeleka hospitali ya mjini, mimi nimekaa nyuma. Walisema mfupa umevunjika vibaya, lazima afanyiwe upasuaji, awekewe kipande cha chuma na skrubu. Wakamwingiza. Tulisubiri. Halafu akatoka muuguzi, mama mnene mwenye kalamu nywelani, akatwambia mkono umekwenda vizuri lakini moyo umeanza mbio zake, wanamhamishia mahali pa kuangaliwa.

Emil akasimama. "Naweza kumwona?"

"Wewe ni nani wake?"

"Mimi ni..." Akageuza kofia mikononi. "Mimi ni mchumba wake."

"Siyo mume?"

"Bado. Tunasubiri bima."

Yule muuguzi akamtazama juu mpaka chini, yule mzee wa masikio makubwa, halafu akatikisa kichwa. "Dada yangu naye alisubiri hivyo hivyo. Pita, baba. Chumba cha mwisho kushoto."

Baadaye Emil aliniambia kwamba aliwahi kupanda nguzo kwenye dhoruba, nyaya zenye umeme zinapiga huku na huku, na hakuogopa kama alivyoogopa kulisema lile neno "bado" kwenye korido ile.

Moyo ulitulia usiku ule ule. Wakamweka siku mbili zaidi, wakamruhusu. Akarudi nyumbani mkono umefungwa kama mtoto aliyefunikwa blanketi, na kitu cha kwanza alichouliza ni oda.

"Oda gani?" nikasema. "Tutawarudishia watu pesa."

"Harudishiwi mtu pesa hapa. Emil, nawa mikono."

"Mimi?"

"Kwani humu kuna Emil mwingine?"

Sijawahi kucheka kama siku ile. Lavonne alikaa kwenye kiti kirefu katikati ya jikoni, akatoa amri. Mimi nilikanda, Emil akapewa kazi ya kubonyeza shimo katikati ya kila donge la kutilia matunda. Kidole gumba chake kilizama mpaka kikagusa trei.

"Emil! Hapa hatusimamishi nguzo!"

"Umesema shimo."

"Shimo la plamu, siyo la mti wa umeme! Bonyeza kama unabonyeza kengele ya mlango."

"Kengele ya nani?"

"Ya kwangu, mjinga wewe. Kwa adabu."

Kolachi nyingi zilivuja chini. Tukaziuza hivyo hivyo, tukaandika kwa kalamu nene, "Kazi ya Emil," na watu wakazipigania. Georgine alinunua dazeni mbili. Alipopokea kifurushi alimwuliza Lavonne habari za mkono, kwa sauti ya chini safari hii, na hakutia mzaha wowote.

Mwishoni mwa Agosti hesabu ya hospitali ilifika. Lavonne aliifungua mezani, akamsukumia Emil. Juu kabisa palikuwa na bei ya upasuaji na vitanda na madaktari wa moyo, na jumla yake ingenunua trekta, siyo jipya lakini zuri. Chini palikuwa na sehemu ya Lavonne, ambayo ingenunua matairi ya pikapu. Emil alisoma kwanza juu, kisha chini, akarudi juu.

"Kama ungenisikiliza ukaiacha ile bima..." akaanza.

"Kula, Emil."

"Nakula. Nasema tu. Sikuwa na akili."

"Ulikuwa na haraka. Ni tofauti."

Tangu siku ile Emil hakunung'unika tena.

Mwezi wa kumi tulirudi maktaba, maana Twyla alisema Lavonne anaweza kuanza kujiandikisha mapema kwa bima ya wazee. Emil alikuja amevaa shati la Jumapili. Twyla aliomba leseni ya gari, akaanza kuandika, halafu vidole vikasimama.

"Mama Kubicek, umezaliwa tarehe moja Februari? Tarehe moja kabisa?"

"Ndiyo. Theluji ilikuwa imefika madirishani. Mama hakunisamehe."

Twyla akaanza kutabasamu. "Basi siyo Februari."

"Siyo Februari nini?"

"Kwa hesabu ya serikali, mtu anatimiza miaka yake siku moja kabla ya tarehe ya kuzaliwa. Wewe unatimiza sitini na tano Januari thelathini na moja. Na bima ya wazee inaanza mwanzo wa mwezi ule unaotimiza. Yako inaanza Januari mosi. Watu wa tarehe moja mnaingia mwezi mzima kabla ya wenzenu."

Lavonne akafunika mdomo kwa ule mkono wenye kovu. Emil aliinuka mpaka kiti kikaanguka.

"Mwezi mzima?"

"Sauti, mzee, watu wanasoma."

"Wasome! Twyla, binti yangu, rudia. Januari?"

"Januari. Na kwa kuwa mtaoana mwaka mpya umeshaingia, ruzuku ya mwaka huu haiguswi. Huu mwaka wote alikuwa peke yake."

"Lavonne," akasema Emil, machozi yanamlengalenga, "mama yako alikuwa mwanamke mwenye akili sana."

"Alikuwa na uchungu tu, Emil. Inua kiti."

Kabla hatujafika kwenye pikapu Emil alikuwa ameshampigia padri simu. Lavonne akatia sharti moja: hachagui hata keki kabla kadi ya bima haijafika mkononi mwake. Ilifika mwezi wa kumi na moja. Georgine aliiona bahasha posta, akajua ni nini, na badala ya kuiacha sandukuni alifunga dirisha, akavaa koti, akaileta mwenyewe mpaka mlangoni.

"Sasa," akasema, "naomba mwaliko wangu."

Walioana Jumamosi ya kwanza ya Januari, kwa baridi ya kukatisha masikio. Upepo ulikuwa unasukuma theluji barabarani kama unga uliomwagika. Wageni waliingia kanisani na mabuti, wakabadilisha viatu kwenye viti vya nyuma, na kwaya iliimba mvuke unawatoka mdomoni kwa sababu tanuri la kanisa lilikuwa linawaka na kuzima. Lavonne alivaa gauni la buluu la mikono mifupi, hakutaka kulificha kovu. Padri Holub alipomwuliza Emil swali lake, Emil alijibu "Ndiyo!" kabla swali halijafika mwisho, na padri akalazimika kuuliza tena kwa ajili ya kitabu. Tulikula bata na kabichi chachu na matonge ya unga ya kuchemsha, tukacheza mpaka miguu ikakataa.

Wiki iliyofuata Emil alihamia kwa Lavonne na vitu vyake vyote ndani ya pikapu, na hapo ndipo ndoa ilipoanza hasa. Alikuwa na kichwa cha paa dume alichowinda zamani, kimekaushwa, kina pembe pana kuliko mlango, na alitaka kukitundika sebuleni. Lavonne alisema hawezi kunywa kahawa huku anatazamwa. Kikakaa barazani siku kadhaa, kikahamia gereji, kikarudi ndani hadi chumba cha kufulia, na pale kikatulia, kofia za Emil zikining'inia kwenye pembe.

Lavonne bado anatengeneza nywele za wazee, siku chache kuliko zamani, na anakwenda kwa daktari wa moyo kila anapoitwa, Emil akiendesha. Ijumaa tunaoka watu watatu sasa. Jana nilipovuka barabara kwenda kwao nilimkuta Emil amesimama mlangoni, unga mpaka nyusi.

"Amenifukuza jikoni," akaniambia.

"Umefanya nini?"

"Nimetia mdalasini."

Kutoka ndani sauti ya Lavonne ikapaa: "Mwambie na kiasi gani!"